Sauti Niliyoiazima

Binti yangu anafanya kazi ya ofisini hapa hapa Morogoro mjini, na mwezi uliopita walipelekwa semina ya siku mbili hotelini kufundishwa namna ya kujenga uhusiano mzuri na wafanyakazi wenzao. Alirudi na daftari la jalada gumu, akavuta kigoda jikoni kwangu na kuanza kunisomea huku nikimenya magimbi. Mpongeze mwenzako mbele ya watu, mkosoe faragha. Msikilize hadi amalize. Kumbuka siku yake ya kuzaliwa. Nilicheka hadi gimbi likaniponyoka. "Sasa mama unacheka nini?" akauliza. "Kwani ninyi kule machinjioni mlikuwa mnajengaje uhusiano?" Nikamwambia wenzangu walijenga kwa matusi, na mimi nilianza kwa kubomoa. Alitaka niendelee, lakini simu yangu ikaita, namba nisiyoijua, na sauti ya mwanamke wa makamo ikaniuliza kama mimi ndiye Koleta wa Morogoro. Akasema yeye ni mke wa Safari, anapiga kutoka Mbulu, na Safari wamemzika jana. Marehemu alikuwa ameacha karatasi ya watu wa kupewa taarifa, jina langu likiwa la tatu, baada ya mjomba wake na padri. Nilimpa pole, nikakata simu, nikabaki na magimbi yangu mapajani. Binti yangu alilifunga daftari. Siku ile nilishindwa kumweleza, kwa hiyo ninaandika.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini. Kwa nini nilishuka kutoka mlimani kwetu ni habari nyingine na haina faida hapa. Machinjio yalikuwa upande wa Kihonda, enzi hizo nyumba zikiwa chache, jengo refu la bati ambalo harufu yake ilikufikia kabla hujaliona. Ng'ombe walitoka zizini wakapita mmoja mmoja kwenye kipito chembamba cha nguzo, chenye mlango uliofungwa kwa komeo la chuma, wakaingia ukumbini. Hapo wanaume walimtupia ng'ombe kamba mguuni na kwenye pembe, wakavuta, akaanguka kwa kishindo kilichotikisa meza zetu. Ustadhi, mchinjaji wetu, alisogea, akasema Bismillahi, na damu ikaruka hadi ukutani. Watu wa mjini hudhani ng'ombe hajui. Anajua. Akinusa damu ya mwenzake hutoa macho, hujisaidia pale pale, na wengine hupiga magoti kabla hawajaguswa. Sisi wanawake tulikuwa upande wa pili wa ukumbi huo huo, kwenye meza za saruji, tukiosha utumbo kwa maji yanayochemka, mikono imevimba na kucha zimelainika. Siku tatu za kwanza nilitapika. Siku ya nne nilikunywa supu.

Juu yetu sote alikuwepo nyapara, Bwana Kambi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole na kiboko cha ngozi iliyosokotwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alikupiga huku akizungumza na mtu mwingine. Nilimwona akimchapa mzee wa kuchuna ngozi, mtu mwenye wajukuu, mapigo manne ya mgongo kwa sababu alichana ngozi, na yule mzee akasema "ahsante bosi" kisha akaendelea kuchuna. Watu waliopigwa hivyo asubuhi hawawezi kupendana mchana. Walitoleana visu kwa ajili ya jiwe la kunolea. Wiki yangu ya pili kijana mmoja alimkata mwenzake sikio wakigombea ndoano, na sikio likapotea kwenye mfereji pamoja na maji machafu.

Aliyeniokoa na hayo, au aliyenionyesha pa kujificha, ni Mama Rehema, mkuu wa meza za utumbo. Kila siku saa tatu asubuhi tulikaa naye juu ya ndoo zilizogeuzwa, tukala supu na ndizi za kuchemsha, pilipili ikiwasha ndani yake kwa ukatili. "Koleta mwanangu," aliniambia, "humu ndani mna visu ishirini na mioyo ya watu haina dirisha. Tafuta mtani wako. Anayekutukana mbele za watu hana haja ya kukuchoma mgongoni." Ndivyo walivyoishi pale. Mzigua na Mzaramo, Mngoni na Mluguru, kila mmoja alikuwa na mtu wake wa kumtukana ukoo mzima, kumnyang'anya chai na kumficha viatu. Lakini huyo huyo ndiye aliyekubeba begani ulipopigwa teke na ng'ombe, na ndiye aliyekuja kwako na mchele ulipofiwa. Mtu asiye na mtani alikuwa peke yake na kiboko cha Kambi. "Wewe Mluguru una bahati, watani wako wengi," Mama Rehema alisema, akanyoosha kijiko. "Msukuma wako yule pale."

Msukuma wangu alikuwa Safari, mwangushaji wa ng'ombe, kijana mrefu mwenye mabega mapana na maneno machache. Alikuja na lori la ng'ombe lililotoka Shinyanga, kwa hiyo kila mtu alimwita Msukuma. Hakuna aliyemuuliza. Hilo ndilo kosa letu watu wa huku: mtu akija na ng'ombe tunamwita Msukuma, tukishamwita tunamtania, na akinyamaza tunasema kakubali. Baadaye sana aliniambia alijaribu mara mbili kusema kwao ni Mbulu, watu wakacheka kwamba Msukuma anaukimbia utani. Akaacha. Utani ulimpa kikombe cha chai na watu wa kula nao, naye alikuwa mgeni, angekataaje? Mimi nikamwingia kwa nguvu zangu zote. Nilimwita dume la miguu miwili. Nilikula nyama kwenye sahani yake akiniangalia. Yeye alitikisa kichwa tu, na mara moja moja akatabasamu kidogo, nami tabasamu hilo lilinifurahisha kuliko chochote nilichokuwa nacho mwaka ule. Nilikuwa mpweke. Sikuwa na rafiki mwingine.

Mvua za masika zilipoanza, kaka yake akaja kumfuata, na Kambi akampa kazi ya kufungua mlango wa kipito. Aliitwa Boay. Alikuwa na mwili mkubwa na sauti nyembamba isiyofanana na mwili huo, na ni yeye pekee aliyemwita mdogo wake kwa jina. "Safari!" aliita, akiivuta ile silabi ya mwisho. Basi mimi nina kipaji kimoja ambacho sijawahi kukifanyia jema: naweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Kwetu nilimwiga padri hadi watawa wakainamisha vichwa. Siku moja, Safari akiwa ameshika kamba, mgongo wake kwenye mlango, niliita kwa sauti ya Boay, kwa hofu kabisa: "Safari! Safari!" Aliachia kamba, akageuka mikono imetangulia, akiwa tayari kupambana. Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Boay mwenyewe alicheka hadi akashika nguzo. Nikaifanya kila siku, wiki nane au tisa, na watu walikuwa wakiningoja. Mwisho Safari akaacha kugeuka. Nikasikitika kwamba mchezo umekwisha.

Komeo la ule mlango lilikuwa limevunjika, ukawa unafungwa kwa waya. Mama Rehema alimwambia Kambi mara mbili nikisikia kwa masikio yangu, na mara zote mbili Kambi alijibu kwamba waya unatosha. Asubuhi ya mkesha wa Idi, ng'ombe walikuwa wengi na haraka ilikuwa nyingi, akaingia kipitoni fahali mweusi mwenye baka jeupe usoni. Kutoka mezani kwangu niliuona mlango moja kwa moja; wengine wote nguzo ziliwazuia. Niliuona waya ukikatika. Pembe ilimwingia Boay chini ya mbavu, ikamwinua, miguu yake ikaacha ardhi. Fahali alimgongesha ukutani, akarudi nyuma, akamgongesha tena. Boay aliita, "Safari! Safari!" Safari alikuwa hatua kumi kutoka pale, amegeuza mgongo, anamvuta ng'ombe mwingine aliyekuwa ameinama nusu. Niliitazama shingo yake. Haikutikisika. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo, lakini sikuita, kwa sababu nilijua hata nikiita hatageuka. Ustadhi alipopiga ukelele, mara ya tatu pembe ilikuwa imeshaingia. Safari alichukua shoka. Alimpiga yule fahali katikati ya macho, mnyama akaanguka, naye akaendelea kumpiga, kichwa, shingo, miguu, vipande vya mfupa vikiruka mezani kwetu, hadi wanaume watano wakamkamata. Boay alikufa kabla hajafikishwa kwenye gari.

Mchana ule ule maneno yakaanza kwenye ndoo za supu. "Alimsikia. Kila mtu alimsikia." "Ndugu yake wa tumbo moja!" "Aliogopa, ndiyo maana." Mtu aliyewapiga ng'ombe mieleka kila siku leo akaitwa mwoga aliyemwacha kaka yake. Nilikaa katikati yao na bakuli langu. Neno moja tu lingetosha. Nilikunywa supu.

Boay akazikwa kesho yake huko huko Kihonda, na sisi wa machinjioni tukaenda wote. Nilikuwa mtani, na msibani mtani ana kazi yake. Anamchokoza marehemu, anakataa asizikwe, anawachekesha wafiwa ili kifo kisiwameze. Bibi yangu aliifanya kazi hiyo maisha yake yote na watu walimsafiria. Lakini sikuifanya kwa heshima ya bibi yangu. Niliifanya kwa sababu moyo ulikuwa unaniwaka, na mwenye hatia hawezi kukaa kimya. Nilijifunga pembe mbili kichwani kwa kanga, nikajipaka majivu, nikaruka mbele ya kaburi. Nikasema Msukuma huyu hazikwi, amekufa kizembe, ng'ombe gani anamchinja mchinjaji? Waluguru walicheka, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nikanogewa. Nikajifanya fahali, kisha nikajifanya Boay, nikarushwa, nikagonga ukuta usiokuwepo, na nikaita kwa sauti yake, ile ile, "Safari! Safari!"

Safari alitoka upande wa pili wa kaburi na chepeo. Sikumwona akija. Bapa la chuma lilinipata mdomoni, nikasikia meno yangu yakivunjika kabla sijasikia maumivu, nikaangukia kwenye rundo la udongo. Pigo la pili lilitua kwenye mkono niliojikingia, na mfupa ukalia. Aliinua tena. Uso wake haukuwa na hasira. Alikuwa analia, kamasi na machozi vinachuruzika kwenye kidevu. Wanaume walimrukia. Wengine walikuwa wanampiga, wengine wanapiga kelele, "Mtani hapigi! Mtani hapigi!" Ndipo mzee mmoja aliyekuja usiku kwa basi kutoka kwao akapaza sauti. "Utani gani?" aliuliza. "Sisi ni Wambulu. Sisi na ninyi tuna utani gani?" Waliokuwa wakimpiga Safari wakaacha. Mimi nilikuwa nimelala na damu imejaa kinywani, udongo unaporomoka kidogo kidogo chini ya mgongo wangu ukidondokea kaburini, na nilimwelewa vizuri sana.

Hospitali walinifunga taya kwa waya, wakanipiga plasta mkononi. Siku ya pili Kambi alikuja na machungwa, ingawa aliona siwezi kufungua mdomo. Alikaa kitandani akanong'ona kwa ule upole wake. Safari yuko mahabusu. Karatasi hii imeshaandikwa, kinachotakiwa ni dole gumba langu tu: kwamba Safari alikuja kaburini na kisu akikusudia kuniua, na kwamba asubuhi ya ajali alikuwa amelewa, akauacha mlango wazi. Komeo halikutajwa. "Ukipona nakupa ukuu wa meza," akasema. "Mama Rehema amezeeka." Nilinyoosha kidole kimoja kuomba siku moja, akaniachia karatasi chini ya mto, akanipapasa bega lililovimba. Nakiri kwamba nilifikiri. Mtu yule alikuwa amenivunja uso. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na meno ya mbele, na usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimemtakia kifo kwa majina yote ya watakatifu ninaowajua. Kumchukia kulinipunguzia maumivu.

Mama Rehema alikuja jioni na uji na mrija. Alikaa upande wa kichwa changu, kisha akasema, "Ile siku ya fahali nilikutazama. Wewe ulikuwa unatazama shingo ya mwenzio. Kwa nini?" Nilifumba macho. "Koleta, usiponijibu nitaondoka na uji wangu." Nikachukua kalamu kwa mkono wa kushoto, nikaigeuza karatasi ya Kambi, nikaandika nyuma yake: Alizoea sauti yangu. Mama Rehema hakujua kusoma. Akamwita nesi, nesi akasoma kwa sauti, wodi nzima ikasikia, na nesi mwenyewe hakuelewa alichosoma. Mama Rehema alielewa. Alisimama, akaenda hadi mlangoni, nikajua amekwenda moja kwa moja. Akarudi. Alinipiga kofi la begani, palepale palipovimba, kwa nguvu, kisha akanishikia mrija. "Kunywa," akasema. "Ukipata mdomo utakwenda kuyasema hayo polisi. Na mimi nitasema la komeo."

Ilinichukua siku kumi na nne kupata mdomo, na siku zote hizo Safari alikuwa ndani. Askari aliyeandika maelezo yangu alikuwa mtu mzima, mchovu, na alinitazama usoni kwa huruma iliyonikera. "Kwa hiyo unasema aliyekuvunja taya hana kosa?" "Ana kosa," nikamjibu. "Alinipiga, na kuunyanyua mkono huu siwezi. Lakini hakuwa na kisu. Na hakulewa. Mlango ulifungwa kwa waya, na nyapara aliambiwa. Kaka yake alipoita, yeye hakugeuka kwa sababu mimi nilimwita bure miezi miwili kwa sauti ya kaka yake. Andika na hilo." Askari aliandika polepole. Alimtoa Safari mahabusu, akamsomea yote nikiwepo. Safari aliangalia ukuta. Nilisema sitaki kesi, nikatia saini, naye akaachiwa. Mama Rehema akaingia na la komeo, na alilisema kwa urefu hadi askari akamwomba apumzike.

Jumatatu nilirudi kazini. Mama Rehema alinikataza, lakini mimi nina kichwa kigumu, na sikuwa na pengine pa kwenda. Kambi alinisubiri ndani ya ukumbi. Hakuzungumza na mtu mwingine safari hii. "Mdomo wako bado haujakoma?" aliuliza, na kiboko kikanipata shingoni, kisha mgongoni, kisha, nilipogeuka, kikapita mdomoni na mshono ukafumuka. Nilipiga magoti kwenye maji ya damu. Wenzangu walisimama na visu mikononi wakitazama. Siwalaumu. Habari ya sauti ilikuwa imeshawafikia, na hakuna aliyekuwa na deni kwangu isipokuwa laana. Kiboko kiliinuka tena. Nikasikia kamba.

Ukifanya kazi pale unaijua kamba inavyolia inapotupwa. Kitanzi kilimnasa Kambi kifundo cha mguu, kikavutwa, naye akaenda chini kwa kishindo kile kile cha kila asubuhi, kisogo kwenye saruji. Safari alimwekea goti shingoni, akamfunga mikono na miguu kwa mizunguko mitatu, kazi safi, akamgeuza ubavu. Ustadhi, kwa mazoea ya miaka thelathini, alikuwa ameshasogea na kisu. "Ustadhi," Mama Rehema akasema, "huyo si halali." Mtu mmoja akacheka, kisha wote, kicheko kikali kisicho na furaha, wengine wakilia humo humo, na yule mzee wa kuchuna ngozi akaja akampiga Kambi teke la mbavu, moja tu, akarudi kwenye kazi yake. Wakubwa walipofika walimkuta bado amefungwa, na waya bado uko mlangoni, na watu ishirini wakasema neno moja. Kambi alihamishiwa kwingine. Sikusikia kama aliadhibiwa. Sisi tulipata komeo jipya na nyapara asiye na kiboko, na kuanzia siku ile jiwe la kunolea likawa linazunguka kwa zamu. Binti yangu angeliandika hilo kwenye daftari lake.

Lakini Safari hakunisemesha. Nilipomshukuru alijibu, "Sikufanya kwa ajili yako. Nilifanya kwa ajili ya waya." Tulikaa wiki tano hivyo, hatua sita kati ya meza yangu na kamba yake. Sikutania mtu. Sikuiga mtu. Watu walinipa chakula kwa sababu Mama Rehema aliwaamuru, na nilikula nikitazama chini. Kisha asubuhi moja, wengine wakiwa kwenye supu, alikuja akasimama mbele ya meza na kuniambia, "Nionyeshe." Nikamuuliza nini. "Alivyokufa. Wewe uliona. Mimi nilikuwa nimegeuka."

Nilinawa mikono. Nilikwenda naye hadi kipitoni, nikamwonyesha aliposimama Boay, waya ulipokatikia, pembe ilipoingilia. Nilimwonyesha ukuta, mara ya kwanza, mara ya pili, polepole, kwa mkono wangu mzima, bila sauti. Alifuata kila nilipogusa kwa kiganja chake. "Aliita mara ngapi?" "Mara mbili." Akatikisa kichwa. "Nilisikia," akasema. "Nikajua ni wewe." Nilisema nisamehe, na neno lilitoka bovu kwa sababu ya meno. Alifikiri kweli kweli, kama mtu aliyeulizwa njia. "Sijui kama nitaweza," akasema. "Lakini mimi kazi yangu ni kusimama pale, mgongo wangu kwenye mlango huu. Na anayeuona mlango kutoka ndani ni wewe peke yako. Akitoka mwingine, niite." "Utageuka?" nikamuuliza. Alishika kamba yake akarudi ukumbini.

Haikupita wiki mbili. Komeo lilikuwa jipya na imara, lakini walileta dume kali lenye mbio, na lenyewe halikuhangaika na komeo, liliruka juu ya nguzo. Nililiona likitua ndani, kwato zikiteleza kwenye maji, pembe zikishuka, na mbele yake ule mgongo mpana, mikono yote miwili imeshika kamba. Nilikuwa sijapaza sauti tangu siku ya kaburi. Sauti iliyotoka ilikuwa yangu, imepasuka, ina mapengo, na hata mimi sikuwahi kuisikia hivyo. Nikaita.

Aligeuka kabla sijamaliza jina.